Wakala wa bima, kagua daftari lako kabla ya kununua programu

Chukulia mfanyabiashara wa mpunga aliyepakia Fuso lake Mbarali kuelekea Dar es Salaam. Njiani gari linapinduka. Anampigia simu wakala wake wa bima, naye anapofungua kaunta buku anakuta kuwa bima hiyo iliisha siku sita zilizopita. Hakuna aliyemkumbusha mwenye gari. Kampuni ya bima haitalipa, na huwezi kuilaumu, kwa kuwa siku ya ajali bima haikuwapo.

Hasara ya namna hiyo haisababishwi na wizi wala ubaya wa mtu, bali utunzaji mbovu wa kumbukumbu. Ndiyo maana mawakala wengi sasa wanashawishiwa kununua programu za kompyuta za kuendeshea ofisi zao. Siyapingi mawazo hayo. Ninachopinga ni kununua programu kwa sababu tu jirani anayo, au kwa sababu muuzaji ana maneno matamu.

Tufanye hesabu. Wakala mwenye wateja 300 wa bima za mwaka mmoja ana bima 25 zinazoisha kila mwezi, yaani karibu moja kila siku. Hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka hayo yote, hivyo programu ina kazi ya kufanya hapo. Lakini tuseme programu inalipiwa Sh50,000 kwa mwezi, na kamisheni yako kwa bima ndogo ya gari ni Sh12,500. Kwa mwaka utalipa Sh600,000, ambayo ni kamisheni ya wateja 48. Kama una wateja 80 tu, zaidi ya nusu ya jasho lako litaishia kwa muuzaji wa programu. Kwa mtu huyo, jedwali la Excel lililopangwa kwa tarehe za kuisha bima, pamoja na ujumbe mfupi wa simu, vinatosha kabisa.

Aliye na wateja wengi naye asikimbilie kulipa. Kwanza aulize kama programu inaonyesha bima zinazoisha ndani ya siku 30, 14 na 7 zijazo, na kama inamtumia mteja ujumbe kwa Kiswahili. Isipofanya hilo, mapambo mengine yote hayana maana.

Pili, aulize inatunzaje fedha. Ada ya bima anayoipokea wakala si mali yake. Mali yake ni kamisheni. Programu nzuri hutenganisha vitu hivyo viwili na kuonyesha kila kampuni inadai kiasi gani. Mawakala wengi huanguka hapa, wakidhani fedha zilizoko kwenye droo ni faida.

Tatu, ajue kuwa programu ya ofisi haichukui nafasi ya mifumo rasmi. Bima ya gari nchini hutolewa kupitia mfumo wa kampuni ya bima na kusajiliwa katika TIRA-MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Mauzo yaliyoandikwa katika kompyuta ya wakala pekee, bila kufika huko, hayamlindi mteja.

Nne, umeme ukikatika au intaneti ikisumbua, ofisi itafanyaje kazi? Na siku wakala akitaka kuachana na muuzaji huyo, je, anaweza kuchukua kumbukumbu zake zote katika faili linalosomeka? Jibu hilo lidaiwe kwa maandishi kabla ya kulipa. Asiyeweza kuondoka na orodha ya wateja wake amegeuka mpangaji katika biashara yake mwenyewe.

Tano, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba ya kitambulisho, simu na mali za mteja si vitu vya kuachwa kwenye kompyuta isiyo na nywila, ambayo kila apitaye ofisini anaifungua.

Kwa wakala anayehudumia wakulima ninaongeza jambo la sita. Programu nyingi zimetengenezwa kwa kufikiria magari. Tangu mwaka 2023 kampuni za bima nchini zina umoja wao wa bima ya kilimo, na bima hiyo inahitaji kumbukumbu tofauti: ukubwa wa shamba, mahali lilipo, zao na tarehe ya kupanda. Programu inayokulazimisha kuandika namba ya gari kwa mkulima wa mahindi haikufai.

Nawe mkulima au mfanyabiashara usidhani haya hayakuhusu. Unapokata bima, muulize wakala wako atakukumbusha vipi kabla haijaisha. Dai stakabadhi, kisha hakiki mwenyewe bima ya gari lako katika TIRA-MIS kwa kutumia namba ya gari. Tarehe ya kuisha iandike ukutani nyumbani kwako.

Kwa maoni yangu, wakala anayetaka programu ajipime kwanza kwa miezi mitatu. Aandike kila bima inayoisha, kila fedha inayoingia na kila dai linalofunguliwa. Akishindwa kuyafanya hayo kwa kalamu, kompyuta haitamsaidia. Itamwonyesha tu uzembe wake kwa haraka zaidi.