Uthamini wa Nyumba: Mwenye Mali Apewe Nakala

Reli ya kisasa imepita Kilosa. Ujenzi wa sehemu ya Morogoro hadi Makutupora ulizinduliwa Machi 2018, na tangu Julai 2024 abiria wanasafiri kwa reli hiyo kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Hayo ni maendeleo, nasi tunayaunga mkono kwa dhati. Lakini kila reli na kila barabara hutanguliwa na mtu mwenye utepe na karatasi, anayesimama uani kwa mwananchi na kuandika thamani ya nyumba yake. Huyo ndiye mthamini.

Ulaghai katika kazi hii ni wa aina mbili. Wa kwanza husikika mara kwa mara kwa sababu unaiibia Serikali: vibanda vinavyosimamishwa usiku, miche inayochomekwa baada ya alama za mipaka kuwekwa, majina ya watu wasiojulikana kijijini. Viongozi huukemea, na wana haki.

Wa pili hausemwi sana, kwa kuwa unamwibia mnyonge. Tumchukue mkulima wa kata kama Masanze. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma, jiko la nje, choo, kisima na miembe sita. Mthamini huhesabu, mwenyekiti wa kijiji hushuhudia, mwenye mali hutia dole gumba, na fomu huondoka na gari. Miezi ikipita orodha ya malipo hurudi. Kisima hakimo, na miembe imekuwa miwili. Mzee huyo atashitaki kwa ushahidi gani, ikiwa karatasi pekee iliyoandikwa uani kwake hakuachiwa? Hatumtuhumu mtu yeyote wa Masanze wala wa Kilosa. Tunasema kwamba mlango huu uko wazi, na umeachwa wazi muda mrefu mno.

Sheria hazikosekani. Sheria za Ardhi Na. 4 na Na. 5 za 1999 zinataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa mapema. Kanuni za 2001 zinaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi. Sheria Na. 7 ya 2016 iliunda Bodi ya Usajili wa Wathamini, na taarifa ya uthamini wa fidia haina budi kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Hata hivyo, Mthamini Mkuu huidhinisha yaliyoandikwa. Hakuuona mwembe wa sita.

Mwanachama wa TANU, na baadaye wa CCM, aliahidi kutopokea wala kutoa rushwa. Sisi tuliopitia chuoni tulisomeshwa pia Suratul Mutaffifin, inayowaonya wanaopunja vipimo. Mthamini anayepunguza chumba kimoja kwenye karatasi ni mpunjaji, hata kama ana shahada. Na mwenyekiti anayetia sahihi fomu yenye nafasi tupu ni mshirika wake.

Ndugu zetu wa Visiwani watauliza Masanze yawahusu nini. Ni kweli kwamba Zanzibar ina sheria yake ya ardhi ya 1992. Lakini huko mnazi au mkarafuu waweza kuwa na mwenyewe, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Mthamini asiyeuliza, au anayejifanya hakuuliza, humfukarisha mmoja kwa kalamu hiyo hiyo.

Kwa hiyo tunawaomba Wakuu wa Wilaya na maofisa ardhi watoe agizo ambalo halihitaji fungu kubwa la fedha. Fomu ijazwe kwa wino mbele ya mwenye mali, asomewe, na aachiwe nakala siku hiyo hiyo. Kisha orodha yote isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kupelekwa kwa Mthamini Mkuu, ili jirani aseme kama nyumba iliyotajwa ipo, na mwenye kisima aseme kama kisima chake kimeandikwa.