Mmempa Mtoto Pasipoti, Mkamnyima Ulimi

Desemba iliyopita nilialikwa kwa jirani yangu hapa Litein, mama mjane ambaye mwanawe ameishi Marekani kwa miaka kumi na minne. Mwana huyo alikuwa anarudi na mkewe na watoto watatu. Mama wa watu alianza kujiandaa tangu Oktoba, bonasi ya majani chai ilipoingia. Alipaka nyumba rangi, akanunua magodoro mapya, akagandisha maziwa ya mursik katika kibuyu alichokisugua mwenyewe kwa mkaa wa mti wa senetwet. Gari lilipoingia uani alitoka mbio, akamkumbatia mjukuu wa kwanza na kuanza kumwita kwa jina la marehemu babu yake, jina ambalo yeye mwenyewe alilitamka kwa simu siku mtoto alipozaliwa. Mtoto akasimama kama kigingi. Kisha akamgeukia baba yake, akamwuliza kwa Kiingereza bibi huyu anataka nini.

Baba mtu akacheka. "Hawa hawajui hata neno moja," akatuambia, kwa sauti ya mtu anayetaja gari jipya alilonunua.

Mtoto simlaumu. Kicheko cha baba yake ndicho kilichonitia uchungu, na ndicho kilichonishikisha kalamu.

Sina neno na safari yenyewe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na vijana wetu wa Kericho na Bomet wamegaagaa kwelikweli. Wapo wauguzi wanaowauguza wazee wa watu katika majimbo ya Marekani yenye theluji ya kufika magotini. Wapo waliovuka bahari kwa nguvu za miguu yao, wakapata ufadhili wa vyuo kwa kukimbia. Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi mwaka 2021, na Ujerumani ikafuata na mkataba wake wa wafanyakazi Septemba 2024. Fedha walizotuma Wakenya wote wa ughaibuni mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5. Ni nani kati yetu asiyekula jasho hilo? Karo za shule, mabati, dawa za wazazi, hata mbolea ya majani chai, nyingi zimetoka kwenu mlio ughaibuni. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na sisi tunajua mmeviunda kwa zamu za usiku na kwa kudharauliwa na watu msiowajua. Mungu awabariki.

Lakini kazi njema haifuti kosa. Kosa ni kwamba mmejenga kila kitu isipokuwa mtoto.

Sisi ni watu wa Kitabu, kwa hiyo nitasema na ninyi kwa Kitabu. Yusufu aliuzwa akiwa kijana wa miaka kumi na saba, akapanda cheo katika nchi ya kigeni kuliko yeyote kati yenu. Alivaa nguo zao, akapewa jina lao, akaoa binti wa kuhani wao. Ndugu zake walipokuja kutafuta chakula, baada ya miaka ishirini na ushei, alisema nao kupitia mkalimani. Nao hawakujua kwamba anasikia kila wanachonong'ona! Mkalimani alikuwa pazia tu. Siku ya kujitambulisha aliwatoa Wamisri wote nje, akazungumza na ndugu zake mwenyewe. Na Yakobo alipokuwa mgonjwa na macho yamefifia, Yusufu alimpelekea Manase na Efraimu, waliozaliwa huko huko Misri, mzee akawabusu na kuwafanya wanawe. Leo ni wangapi kati yenu wanaoweza kumpelekea mzee mtoto wa kubarikiwa, naye mtoto akajua kwamba anabarikiwa?

Msomaji atakayefungua sura ya mwisho ya Nehemia atakuta habari inayotisha zaidi. Nehemia, yule mjenzi wa ukuta, alirudi Yerusalemu akakuta watoto ambao nusu yao walinena Kiashdodi na hawakuweza kusema lugha ya kwao. Hakuwagusa watoto. Aligombana na baba zao, akawapiga baadhi yao na kuwang'oa nywele. Mimi sitamng'oa mtu nywele, ila naielewa hasira ile kabisa.

Mtaniambia maisha ya majuu ni magumu na haiwezekani kumlea mtoto wa kwenu katika nchi ya watu. Nitawajibu kwa habari za vilima hivi hivi vya chai, kwa sababu vilima hivi vimeshuhudia wageni wengi wakilea watoto mbali na kwao.

Mwanzoni mwa karne iliyopita alikuja Kericho Kalasinga mmoja kutoka Punjab, Puran Singh, akaanzisha karakana ya magari ya kukokotwa iliyoitwa Kericho Wagon Works. Hakuacha kilemba, hakuacha sala, hakuacha Kipunjabi. Miaka ya 1970 alihamia Birmingham, Uingereza, na huko akaongoza jumuiya kubwa ya Masingasinga wenzake. Kalasinga kote duniani wanamkumbuka kwa jina gani? Kerichowale, yaani wa Kericho. Mtu alihama mara mbili, akabeba imani ya kwao na jina la kwetu, wala hakuangusha hata kimoja njiani. Hekalu lao kubwa lililopo mjini Kericho ni ushahidi wa macho.

Tazameni wamishenari. Daktari Ernest Steury alifika Tenwek, Bomet, mwaka 1959, akafanya kazi ya maisha yake pale na kulea wanawe pale. Wenzake walijifunza lugha yetu, Kikipsigis, ili waweze kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi, lakini watoto wao hawakupoteza Kiingereza hata siku moja. Wamishenari walikuwa na shule yao, Rift Valley Academy, iliyoanzishwa mwaka 1906, na jiwe la msingi la jengo lake pale Kijabe liliwekwa mwaka 1909 na Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu urais wa Marekani. Waliona mbali: mtoto aliyezaliwa ugenini asipopangiwa njia ya kurudi, harudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wao waliijenga hiyo ngama mapema.

Tena wapo wa kwetu waliopelekwa ugenini kwa nguvu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwang'oa watu wa ukoo wa Talai, wazee kwa watoto, ikawatupa Gwassi karibu na Ziwa Victoria, na wengi wao hawakurudi mpaka uhuru ulipokaribia. Watoto walizaliwa kule, katikati ya watu wa lugha nyingine, kwenye joto na mbung'o. Sijapata kusikia mzee hata mmoja akisema kwamba walirudi na watoto wasiojua kusalimu. Waliofukuzwa waliweza. Ninyi mliokata tiketi mnashindwa?

Kuna udhuru mwingine nimeusikia mara nyingi hata umenichosha: eti mtoto akifundishwa lugha mbili atachanganyikiwa, atabaki nyuma darasani. Nani aliwadanganya? Nendeni katika kambi yoyote ya mashamba makubwa ya chai hapa. Mtoto wa mchumaji aliyetoka Kisii husema Kigusii na mamaye jikoni, Kiswahili na wenzake mferejini, Kikipsigis na jirani anayeuza maziwa, na Kiingereza na mwalimu. Baba yake hakusoma saikolojia. Chumba chao ni kimoja, mshahara wake ni kilo za majani alizochuma, naye amemrithisha mtoto ndimi nne. Daktari wa falsafa mwenye nyumba ya vyumba vitano ameshindwa kurithisha hata mbili!

Mkulima wa chai anajua jambo hili bila kufundishwa. Kitawi cha mche wa chai aina ya 6/8 ukikikata, ukakiacha na jani lake moja, ukakitia katika udongo wa kitalu, kitaota 6/8. Hakitaota 31/8 kwa sababu umebadilisha shamba. Lakini lazima ukiweke chini ya kivuli, ukifunike, ukinyweshe maji miezi mingi kabla hakijaona jua. Hakuna mkulima anayekitupa kitawi kando ya barabara kisha akalalamika kwamba hakikushika mizizi. Udongo uwahi ungali maji. Miaka mitano ya kwanza ya mtoto ndiyo kitalu chenu, na miaka hiyo mmeikabidhi kwa televisheni.

Wala msidhani mmemaliza kazi kwa kumpa mtoto jina la kikwetu. Nawashukuru kwa jina, maana wengine wamelitupa nalo. Lakini majina yetu ni maneno yanayosema. Kiprotich ni aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini jioni. Kiprono, mbuzi na kondoo wakirudi. Chebet, mchana jua likiwa juu. Chepkoech, alfajiri kukipambazuka. Mtoto anaitwa Kiprotich katika mji ambao hakuna ng'ombe anayerudi popote, na hakuna aliyewahi kumweleza kwa nini ng'ombe hao wamo ndani ya jina lake. Walimu wanalivunjavunja jina hilo, naye anaona haya, anaanza kujiita Kevin. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Aliikuta mezani kwenu.

Mzee Taaita Toweett alikwenda Uingereza kusoma wakati ambapo kumwona Mkipsigis huko lilikuwa jambo la ajabu. Angeweza kurudi akiongea kwa puani. Badala yake alirudi akaingia siasa, akawa waziri, na katikati ya hayo yote akaketi kuichambua lugha ya mama yake. Kitabu chake cha isimu ya Kikalenjin kilichapishwa mwaka 1979. Huyo ndiye msomi.

Na nikiwa hapo hapo, siwezi kuwapita ninyi mliobaki Kericho mjini, Bomet na Sotik, mnaosoma makala hii mkitikisa kichwa kuwasikitikia walio majuu. Ninyi ni wabaya zaidi. Aliye Minnesota ana kisingizio cha Minnesota. Wewe kisingizio chako ni nini, wakati nyanya wa mtoto yuko umbali wa nauli ya matatu? Nimewasikia sokoni mkiwakaripia watoto kwa Kiingereza kilichovunjika miguu, ili muuza nyanya ajue kwamba mtoto anasoma akademia. Mtaala wa sasa wenyewe unataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze lugha za wenyeji. Ninyi mnalipa fedha nyingi ili hilo lisifanyike.

Mimi mwenyewe nilivalishwa diski nikiwa darasa la nne. Kilikuwa kipande cha mbao chenye uzi, kinaning'inizwa shingoni mwa mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama, na jioni aliyekuwa nacho alichapwa. Nilikipata kwa kumwambia mwenzangu mvua inakuja. Shule hiyo siitaji. Ila ninajua kwamba wengi wenu mlioko ng'ambo mlivaa diski kama yangu, na nimefikiri sana kama si hiyo ambayo bado mmeivaa, na sasa mnawavisha wanenu bila uzi na bila mbao. Ikiwa ni hivyo, ndugu zangu, ivueni. Mwalimu yule amekwisha kustaafu.

Hakuna anayewataka mfanye muujiza. Semeni na mtoto lugha yenu tangu siku ya kwanza, ndani ya nyumba, hata akiwajibu kwa Kiingereza, msichoke. Baba akiwa Mkipsigis na mama Mluo au Mkamba, kila mmoja aseme ya kwake, na Kiswahili kiwe daraja lao. Kiswahili nacho msikidharau, kwa maana mtoto asiyejua Kikipsigis akijua Kiswahili atasalimiana na nusu ya Afrika Mashariki. Biblia ya Kikalenjin imekuwepo tangu 1969. Someni sura moja kabla ya kulala. Kass FM na Chamgei FM zinasikika kwenye intaneti hata huko kwenye theluji. Na Jumapili mkimpigia Kogo, nyanya wa mtoto, simu, msizungumze ninyi saa nzima habari za ploti, mkampa mtoto nusu dakika ya kupunga mkono. Mpeni simu yeye kwanza, mtoke chumbani. Watahangaika. Waacheni wahangaike. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Likizo nayo isiwe ya siku kumi, tisa kati ya hizo zikiwa Mara na Mombasa. Mleteni mtoto akae mwezi. Abebe kikapu hadi senta, aone majani yakipimwa, anyeshewe mvua ya saa nane ambayo haikosi hapa kwetu, agombane na binamu zake kwa lugha yao. Lugha ya kugombana ndiyo inayoshika upesi.

Wageni wa jirani yangu waliondoka tarehe 4 Januari. Wiki moja baadaye mama yule alikuja kwangu jioni, mvua ikinyesha, ana daftari la shule amelifunga kwa karatasi ya plastiki lisilowe. Ana umri wa miaka sabini na tisa. Aliniomba nimwandikie Kiingereza, maneno machache tu, ili Desemba nyingine asiwe mjinga mbele ya wajukuu wake. Nilimwuliza anataka maneno yapi. Akayataja: njoo, kula, umelala vizuri, usiogope mbwa, wewe ni babu yako aliyerudi.

Nilimwandikia yote. Hilo la mwisho lilinichukua muda mrefu, na hata sasa sina hakika kama nililiandika sawasawa. Huja kila Alhamisi baada ya kupeleka majani. Ameshika maneno matatu.