Karani Mpole wa Himaya

Mjukuu wangu, kijana wa kidato cha sita, ameniambia kwamba himaya si mbaya wala si nzuri. Hakuyapata hayo darasani. Ameyapata katika Skyrim, mchezo wa kompyuta uliotoka Marekani mwaka 2011, anaoucheza hapa nyumbani Mbagala umeme ukiwapo. Humo mna himaya kongwe iliyokubali kupiga marufuku ibada ya mungu mmoja wa wenyeji, nao wenyeji wameasi. Waasi nao si malaika: mjini kwao wakimbizi wa kabila jingine wameachwa waoze katika mtaa mchafu. "Babu," asema, "pande zote zina makosa, lakini himaya angalau inaleta utulivu."

Nakataa. Sikatai kwamba mambo yana utata. Nakataa utata uwe sabuni ya kumtakasia mwenye nguvu.

Barabara ipitayo hapa Mbagala ndiyo iendayo Kilwa. Ifuate kusini, uvuke Rufiji, na huko mbele utaikuta milima ya Matumbi. Huko Nandete, Julai 1905, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Maji Maji vikaanza. Agosti, Kinjekitile akanyongwa Mohoro. Baadaye majeshi ya Mjerumani yakachoma vijiji, mashamba na maghala, hata njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Makadirio ya waliokufa yanafika watu 300,000. Ulikuwa utulivu kweli. Makaburi nayo yametulia.

Nawasikia wazee wenzangu barazani, wasomi kabisa, wakisema: Mjerumani alikuwa mkali, lakini alituachia reli na shule, na akaendesha serikali yake kwa Kiswahili. Ni kweli. Lakini shule ya serikali ya Tanga, iliyofunguliwa miaka ya 1890, haikuwa sadaka. Himaya ilihitaji makarani, akida na walimu. Akida wengi walikuwa watu wa pwani, wenye Kiswahili safi kuliko changu, na askari wengi waliochoma maghala walikuwa weusi kama mimi. Utata upo hapo, na ni wetu sisi tuliotumika. Himaya yenyewe ilijua vizuri inachotaka.

Mchezo huo unaanza na wafungwa wamefikishwa mahali pa kukatwa vichwa. Karani wa himaya anasoma orodha. Jina la mfungwa mmoja halimo. Kapteni anaamuru auawe vivyo hivyo, na karani, kijana mwenye adabu, anamwambia mfungwa samahani. Mjukuu wangu anampenda sana karani huyo.

Mimi namwogopa, kwa kuwa namfahamu. Nilikuwa mwalimu mkuu, kisha nikafundisha chuo cha ualimu. Maisha yangu yote nimeshika daftari la majina. Mwaka mmoja uliletwa waraka kwamba wasiolipa karo waondoke. Niliwaita mmoja mmoja ofisini, nikawaomba radhi kwa upole, nikawafungia mlango. Mmoja alikuwa wa kwanza darasani. Usiku ule nililala vizuri, tena nikajiona mtu mwema.

Nilimsimulia mjukuu. Alinisikiliza kwa heshima, akasimamisha mchezo hadi nilipomaliza. Kisha akaendelea. Joka likashuka, mji ukawaka moto, na mfungwa akatakiwa kuchagua akimbie na muasi au na karani.

Akamfuata karani.