Nchi Isiyo na Wauaji

Filamu ya Child 44, iliyoongozwa na Daniel Espinosa na kutoka mwaka 2015, inasimulia upelelezi wa mauaji katika nchi ambayo, kwa kauli ya wakubwa wake, haina wauaji. Ni mwaka 1953, katika Umoja wa Kisovieti wa Stalin. Mtoto wa kiume anakutwa amekufa kando ya reli, na taarifa rasmi inasema aligongwa na treni. Baba yake, mtumishi wa idara ya usalama, anajua kwamba sivyo. Leo Demidov, ofisa mwenzake na rafiki yake, ndiye anayetumwa kuisoma taarifa hiyo mbele ya wafiwa na kuwataka waikubali. Mauaji ni ugonjwa wa ubepari. Anayeyataja anaitukana dola.

Baadaye Leo anakataa kumsaliti mkewe, Raisa, na adhabu yake ni kuhamishiwa mji wa mbali. Huko anakuta maiti ya mtoto mwingine, mwenye majeraha yaleyale. Hapa ndipo filamu inapopata nguvu yake. Kinachomkwamisha mpelelezi si uhaba wa ushahidi, kwa maana ushahidi upo tele. Tatizo ni kwamba kuyaweka mafaili mawili pamoja ni uhaini.

Hata hivyo, nina ugomvi na filamu hii. Inatokana na riwaya ya Tom Rob Smith ya mwaka 2008, ambayo nayo ilichota kutoka kisa cha kweli cha Andrei Chikatilo. Lakini Chikatilo hakuua zama za Stalin. Kwa kukiri kwake mwenyewe alianza mwaka 1978, miaka 25 baada ya Stalin kufa, akaendelea hadi 1990. Kuhusu kifo cha msichana wa miaka 9 katika mji wa Shakhty, polisi walimhoji wakamwacha. Mtu mwingine, Aleksandr Kravchenko, alikiri chini ya shinikizo, akahukumiwa, na mwaka 1983 akapigwa risasi. Miaka kadhaa baadaye Chikatilo alikiri kwamba ndiye aliyemuua msichana yule. Mwaka 1992 mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 52.

Kwa kukirudisha kisa hicho nyuma hadi 1953, filamu inatupa faraja tusiyostahili. Dikteta ni rahisi kumchukia, na mtazamaji huondoka akiamini kwamba uongo ulizikwa pamoja naye. Historia ya Rostov inasema vingine. Ilitosha kuwapo mpelelezi aliyetaka jalada lifungwe, mkuu aliyetaka takwimu nzuri, na mhariri aliyejua, bila kuambiwa, yasiyochapishwa. Kwa miaka mingi magazeti yalinyamaza, na wazazi wakawaruhusu watoto wao kupita katika vituo vya treni bila kujua ni nani aliyekuwa akiwasubiri. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa aliyeficha hakuumbuka mapema. Waliokufa walikuwa watoto wa wengine.

Mwezi Aprili 2015, siku chache kabla ya kuanza kuonyeshwa, filamu hii ilizuiwa nchini Urusi kwa madai kwamba inapotosha historia, wakati taifa likijiandaa kuadhimisha miaka 70 ya ushindi wa vita. Kasoro zake za kihistoria zipo, na nimeitaja iliyo kubwa. Lakini kasoro ya filamu husahihishwa kwa hoja, kwa kuyafungua majalada ya Rostov na kuwaachia watazamaji walinganishe wenyewe.

Wasomaji wangu wengi ni watumishi wa umma, na wanafunzi wangu watakuwa hivyo kesho. Siku moja mtaletewa taarifa yenye neno lisilompendeza mkubwa, nanyi mtaombwa kulilainisha: “mauaji” yawe “ajali”, “mlipuko wa ugonjwa” uwe “matukio machache”. Hakuna atakayewatishia bunduki. Mtaombwa kwa upole, pengine juu ya kikombe cha chai. Kabla ya kusaini, jiulizeni ni mzazi gani, asiye na habari, atakayemruhusu mwanawe kutoka nyumbani kwa kuiamini sahihi yenu.