Kazi za Mtafiti Zisomwe, Zisihesabiwe Tu

Vyuo vikuu vyetu vimezoea kumpima msomi jinsi mfanyabiashara apimavyo mahindi: kwa magunia. Mhadhiri aombapo kupandishwa cheo, swali la kwanza ni makala mangapi amechapisha. Vigezo vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu mwaka 2014 viliyapa machapisho alama, na alama hizo zikawa za kujumlishwa.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja. Namba haina kabila, wala haina shemeji katika kamati. Mahali ambapo vyeo viliwahi kutolewa kwa kujuana, hesabu ni kinga. Hata hivyo, kinga hiyo ina tundu kubwa, na tundu hilo laonekana wazi katika fani ya mitandao ya vihisi, yaani vyombo vidogo vinavyopima joto, unyevu au mwendo na kupashana habari kwa redio pasipo waya.

Tuchukue mfano wa hapa nchini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, miongoni mwao Margaret Martonosi wa kompyuta na Daniel Rubenstein, mtaalamu wa wanyama, walitaka kujua nyendo za pundamilia wa Laikipia. Walibuni ukanda wa shingoni wenye chombo cha kutambua mahali kwa setilaiti, betri, vipande vya kunasa nguvu za jua na redio ndogo. Pundamilia wawili wakikaribiana, kanda zao zilipeana habari, hivyo mtafiti akimfikia mnyama mmoja alipata habari za wengi. Makala yao kuhusu mradi huo, ulioitwa ZebraNet, yalitoka mwaka 2002, na Januari 2004 pundamilia wa Sweetwaters wakavishwa kanda hizo.

Katika orodha ya machapisho, makala hayo ni mstari mmoja tu. Tena ni mstari wa kongamano, si wa jarida, kwani wataalamu wa kompyuta aghalabu hutangaza kazi zao bora makongamanoni. Mwanaisimu kama mimi, aliyelelewa katika vitabu na majarida, akiketi katika kamati bila kuisoma kazi yenyewe, ataupita mstari huo haraka na kuupa uzito makala matano mepesi yaliyo chini yake.

Sasa tuutazame upande wa pili. Mwaka 2005, Jorge Hirsch, profesa wa fizikia huko San Diego, alipendekeza kipimo ambacho sasa kinatajwa kila mahali: msomi ana kipimo cha 10 ikiwa makala yake 10 yamenukuliwa angalau mara 10 kila moja. Mwaka uo huo, wanafunzi watatu wa chuo cha MIT walitunga programu ya kompyuta yenye kuandika makala ya kitaalamu yasiyo na maana yoyote, na moja likakubaliwa na waandalizi wa kongamano. Mwaka 2010, Cyril Labbé, mtafiti wa Ufaransa, alitumia programu hiyo kumzua msomi asiyekuwepo, Ike Antkare. Katika hesabu zilizotegemea Google Scholar, msomi huyo hewa alifikia kipimo cha 94, akampita Albert Einstein! Halafu mwaka 2014, mashirika ya Springer na IEEE, wachapishaji wakuu wa fani za kompyuta na mitandao, yaliondoa makala zaidi ya 120 ya upuuzi wa aina hiyo baada ya Labbé kuyafichua. Makala hayo yalikuwa yamehesabiwa. Ni dhahiri kwamba hayakuwa yamesomwa.

Je, tufanye nini? Shirika la kugharimia utafiti la Ujerumani, DFG, liliamua mwaka 2010 kwamba mwombaji aorodheshe machapisho yasiyozidi matano katika wasifu wake. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mhadhiri achague kazi zake tano bora, na kila mwanakamati awajibike kuzisoma. Kinga dhidi ya upendeleo ipatikane kwa kupeleka kazi hizo kwa wasomaji wa nje wasiomjua mwombaji, na kwa kumpa mwombaji sababu za uamuzi kwa maandishi.

Kisha mwombaji aandike kurasa mbili za Kiswahili sanifu, akieleza alichogundua na kinamfaa nani. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na ada za wanafunzi na kodi za wananchi ndizo zinazotulipa mishahara. Mchungaji wa Laikipia anayewaona pundamilia kila siku ana haki ya kujua walivishwa nini shingoni, na kwa nini. Msomi anayeijua kazi yake hatashindwa kumweleza. Atakayeshindwa, hata akileta makala mia, kamati ina kila sababu ya kuyafungua na kuyasoma upya.