Ukuta wa shule umeanguka, nani alikuwa anakagua?

Siku hizi kila mradi ni "ubia na sekta binafsi". Tanzania sheria ya ubia ipo tangu 2010. Tukisikia ubia tunawaza barabara na bandari, lakini mashule nayo hujengwa hivyo hivyo. Hebu tuwaangalie Waingereza, walitutangulia.

Mfumo wao uliitwa PFI, ulianza 1992. Kampuni inakopa, inajenga shule na kuitunza miaka 25 hadi 30, serikali inalipa kila mwaka kama mpangaji. Mwanasiasa anakata utepe leo, bili wanakuja kulipa wengine.

Sasa sikieni ya Edinburgh, kule Uskoti. Alfajiri ya tarehe 29 Januari 2016 dhoruba iliangusha ukuta wa shule ya msingi Oxgangs, tofali za tani 9 hivi. Bahati watoto walikuwa hawajafika. Na shule yenyewe siyo gofu, ilijengwa 2005! Kufika Aprili, shule 17 za mkataba huohuo zikafungwa, wanafunzi zaidi ya 7,000 wakahangaika.

Ripoti ya Profesa John Cole ilitoka Februari 2017. Vyuma vya kushikiza ukuta wa nje na wa ndani havikuzama vya kutosha kwenye tofali. Fundi alikosea, msimamizi hakuona, na halmashauri haikuwa na jicho lake la kutosha pale saiti. Cole hakusema ubia wenyewe ndio mchawi. Alisema ukaguzi ulikuwa mbovu.

Hapo ndipo penye somo. Mbia akijikagua mwenyewe ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani. Ukishapakwa rangi, ukuta hausemi kitu.

Oktoba 2018 serikali ya Uingereza ikatangaza hakuna PFI mpya. Lakini mikataba ya zamani, zaidi ya 700 ukihesabu na hospitali na mingineyo, haikufutika, malipo yanakwenda hadi miaka ya 2040.

Mimi sipingi ubia, madarasa tunayahitaji jamani. Ila kabla ya kupiga makofi tuulize: mkaguzi analipwa na nani? Mkataba mwananchi anaruhusiwa kuusoma? Ukuta ukianguka, malipo yanasimama?

Wadau, mnasemaje? Tiririkeni hapo chini.