Neno la Mhariri: Korngold na Makadhi Wake

Toleo hili lilikusudiwa kuwa la muziki wa sinema kwa jumla, na lingalibaki hivyo lau makala kadhaa tulizoletewa zisingalirudia, kila moja kwa lafudhi yake, hukumu ile ile iliyonichosha tangu zamani: kwamba Erich Wolfgang Korngold alikuwa mtunzi mkubwa wa Vienna hadi alipotia mguu Hollywood, na kwamba tangu siku hiyo alikiuza kipaji chake kwa fedha na kwa sanamu ya Oscar.

Sira yake wasomaji wetu wanaijua, wala sina haja ya kusimulia namna kazi ya mtoto wa miaka 13 ilivyochezwa katika Opera ya Kifalme ya Vienna mwaka 1910, au namna opera yake Die tote Stadt ilivyofunguliwa usiku mmoja Hamburg na Cologne, Desemba 1920. Lakini makadhi hawa, ambao huyataja hayo kwa taadhima kubwa, hufanya haraka ya ajabu wakifika mwaka 1938, kana kwamba Myahudi aliyekuwa California akiutunga muziki wa The Adventures of Robin Hood, huku majeshi ya Hitler yakiingia Austria na nyumba yake ya Vienna ikitwaliwa, alikuwa na hiari ya kurejea kwao akaandike opera nyingine. Mwenyewe alikuwa akisema kuwa filamu hiyo ndiyo iliyomwokoa maisha. Ama hiyo sanamu wanayosema aliikimbilia, ilipotolewa kwa ajili ya muziki wa Anthony Adverse, wa mwaka 1936, alikabidhiwa mkuu wa idara ya muziki ya studio, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kanuni ya wakati huo. Mtunzi hakupewa ya kwake mpaka Robin Hood.

Hoja yangu hasa, hata hivyo, ni konseto yake ya fidla, na msomaji aniwie radhi nikiikalia kitako. Korngold alipofanya kazi na Warner Brothers alijihifadhia haki ya kuyatumia tena mahadhi aliyoyatungia filamu zao, jambo ambalo mtu anayeidharau kazi ya mikono yake hana sababu ya kulidai. Vita vilipokwisha aliitumia haki hiyo waziwazi: mahadhi yanayoifungua sehemu ya kwanza ya konseto yametoka katika Another Dawn, na yanayoyafuatia katika Juarez, sehemu ya pili imetoka katika Anthony Adverse, na ya tatu, ile inayowatoa jasho wapiga fidla, imejengwa juu ya The Prince and the Pauper. Jascha Heifetz aliipiga kwa mara ya kwanza St. Louis, Februari 1947, na wahakiki wa New York walipoisikia wakaikejeli kuwa ni muziki wa Hollywood. Leo wapiga fidla wa dunia nzima wanaing'ang'ania, na wahakiki wa sasa wanaisifu. Basi nauliza: ikiwa mahadhi hayo ni mazuri ukumbini, ambako watu wameketi kimya na suti zao, yalikuwa na kasoro gani yalipokuwa chini ya maneno ya wachezaji wa sinema? Aisifuye konseto na kuzibeua filamu ameshika mawili, na moja litamponyoka. Mpe mtu ambaye hajapata kuiona Another Dawn, nao ndio takriban wote walio hai, aoneshe kwa kidole mahali sinema inapokoma na sanaa inapoanza.

Sisi wa pwani tungepaswa kuwa wa mwisho kuuchukua ugonjwa huu. Juma Bhalo wa Mombasa aliyavalisha mahadhi ya filamu za Bombay mashairi ya Kiswahili, na waliomsikiliza walimpima kwa sauti na kwa uzito wa shairi, si kwa kumuuliza mahadhi hayo yameshuka bandarini kwa meli gani.

Sisemi kwamba kila alichokiandikia studio ni johari. Captain Blood aliikamilisha kwa muda wa kama majuma matatu, akalazimika kutia vipande vya Liszt ili aijaze, na haraka hiyo inasikika.

Kuna makala juu ya baba yake, Julius, mhakiki wa gazeti la Neue Freie Presse, iliyoandikwa vizuri, ingawa kwa maoni yangu mzee huyo amekwisha kupewa kurasa nyingi kuliko astahikizo. Nyingine yaeleza upangaji wa ala katika Die tote Stadt. Ile ya mwisho inadai kwamba Simfonia yake aliyoimaliza mwaka 1952 ilipuuzwa kwa kuwa ilikuwa imepitwa na wakati, si kwa kuwa mtunzi wake alinuka Hollywood. Siafikiani nayo hata kidogo, lakini nimeichapa bila ya kuipunguza neno, kwani mwandishi wake ni miongoni mwa wachache walioisikiliza Simfonia yenyewe kabla ya kuihukumu.